TAHADHARI Lubumbashi: wanaouza "dosie" (mafaili ya maombi) za kuingia jeshini wanakula makuta (pesa) ya vijana

Wazazi na vijana wa komini za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba hapa Lubumbashi, someni hii kabla ya kutuma hata franka moja. Katika makundi ya WhatsApp wanazunguka watu wanaouza nafasi za FARDC, yaani jeshi la Kongo, na za majeshi ya Ulaya na Marekani. Picha yao ni ya kanali aliyevaa gwanda, na barua zao zina muhuri mzuri. Picha ni ya kuiba, na muhuri kama ule unachorwa kwa simu.

Mwanzo hawaombi makuta. Wanaomba picha ya kadi ya uchaguzi na ya diploma ya État (ya kumaliza sekondari), halafu kesho yake wanakupongeza: umekubaliwa. Hapo ndipo malipo yanaanza, kidogo kidogo: fomu, kisha daktari, kisha "matricule" (namba ya askari), kisha tikiti ya kwenda Kamina au Kananga, kwenye mafunzo. Mtu aliyekwisha kulipia fomu na daktari anaona uchungu kuacha njiani, naye tapeli anaujua uchungu huo vizuri. Matricule anapewa mtu akiisha kuingizwa jeshini. Ukitumiwa ukiwa bado nyumbani kwenu, umetumiwa tarakimu tupu.

Wanauza hata matawi: jeshi la nchi kavu bei ya chini, anga na maji bei ya juu, uofisa juu zaidi. Katiba, kifungu cha 189, inataja vipimo vingine kabisa: nguvu ya mwili, masomo ya kutosha, tabia iliyothibitika na uwakilishi wa haki wa majimbo. Anayetaka uofisa atayarishe diploma yake na mwili wake kwa ajili ya Académie ya Kananga, chuo cha maofisa. Anayeingia kama askari wa kawaida anafundishwa kwanza, halafu wakubwa wanampeleka panapohitaji watu. Hakuna mtu wa WhatsApp anayeweza kukuahidi jeshi la anga. Kujiandikisha FARDC ni bure. Ukiona tangazo, lipeleke mwenyewe, mchana, kwenye état-major (makao makuu) ya région militaire (mkoa wa kijeshi) ya 22, hapa hapa Lubumbashi, uulize kama ni la kweli.

Wanaoumia zaidi ni wale wanaouziwa Légion étrangère, kikosi cha wageni cha jeshi la Ufaransa, kwa sababu pale malipo ni ya dola. Légion ipo kweli, na inachukua wanaume wa nchi zote, kuanzia miaka 17 na nusu hadi 39 na nusu, kwa mkataba wa kwanza wa miaka 5. Lakini haiandikishi mtu nje ya Ufaransa. Mgombea anafika mwenyewe mlangoni, na pasipoti inayofanya kazi, kisha anapimwa Aubagne, kulekule Ufaransa. Wakati wa kupimwa analala na kula bila kulipa. Haitumi barua ya mwaliko, haitafuti viza, haina wakala mpakani Kasumbalesa wala Lusaka. Kwa hiyo "dosie ya Légion na viza ndani" ni kitu ambacho hakipo duniani. Jeshi la Uingereza linafungulia raia wa Commonwealth (Jumuiya ya Madola), na Kongo yetu haimo. Jeshi la Marekani linataka uwe raia au mwenye kibali cha kudumu cha kuishi kule. Anayekuuzia hayo mawili akiwa Lubumbashi anajua anadanganya.

Jambo jingine linatutisha kuliko makuta: wanawauzia watoto wa miaka 15 na 16 vyeti vya kuzaliwa vilivyoongezwa umri. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inampa anayeandikisha mtu chini ya miaka 18 kifungo cha miaka 10 hadi 20. Mzazi, ukiona cheti kama hicho nyumbani, kichukue leo.

Diploma ya asili usimpe mtu. Wanaishikilia na kukulipisha ili uipate tena. Toa nakala tu.

Kama umekwisha kutuma, usifute mazungumzo. Piga picha ya skrini yenye namba na tarehe, tunza ujumbe wa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money wenye namba ya muamala, na upigie kampuni ya simu saa ileile, maana makuta yakishatolewa kwa wakala ni shida kuyarudisha. Andika pia jina lililotokea wakati wa kutuma. Kwa kawaida si la "kanali". Peleka malalamiko parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka. Kama mtu huyo ni askari kweli, nenda auditorat militaire, ofisi ya mashtaka ya kijeshi. Utapeli unaadhibiwa kwa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5.

Na baada ya siku chache akikupigia "mwanasheria" anayeweza kukurudishia makuta yako ukimlipa kidogo kwanza, mkatie simu. Namba yako amepewa na walewale.