Bima ya kulinda kipato Uingereza: inalipaje mkono ukigoma kazi?

Daktari wa meno hufanya kazi kwa milimita. Vidole vikianza kutetemeka huku ameshika drili, ujuzi wote bado uko kichwani, ila kazi imekwisha. Bima ya kulinda kipato inayouzwa Uingereza imekusudiwa mtu kama huyu, pamoja na daktari mpasuaji na muuguzi wa chumba cha upasuaji. Hapa tunaipima siku ya kudai, maana siku ya kununua kila bima huonekana nzuri.

Ubora wake unakaa kwenye sentensi moja ya mkataba, ile inayoeleza maana ya kushindwa kazi. Palipoandikwa own occupation, unalipwa ukishindwa majukumu makuu ya kazi yako mwenyewe, hata kama ungeweza kufundisha. Palipoandikwa suited occupation, kampuni inaruhusiwa kukuuliza kwa nini usifanye kazi nyingine inayolingana na elimu yako, na kwa daktari kazi za namna hiyo hazikosekani. Daraja la chini kabisa hupima vitendo vya kila siku kama kutembea, kuinama na kunyanyua. Mwenye tetemeko la mkono anaweza kuvifaulu vyote akabaki mikono mitupu. Mkataba wa kwanza tunausifu bila kusita. Huo wa mwisho, mtu anayeishi kwa ustadi wa mikono asiununue hata kwa bei ya kutupa.

Kipindi cha kusubiri, yaani tangu uache kazi hadi uanze kustahili malipo, huwa wiki 4, 8, 13, 26 au 52, na kadiri kinavyorefuka ndivyo ada inavyoshuka. Muuguzi wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, aliyetimiza miaka 5 kazini hupewa miezi 6 ya mshahara kamili na 6 ya nusu mshahara, kwa hiyo wiki 26 au 52 anaweza kuzivumilia. Aliyejiajiri hana mto huo. Kosa la kila siku ni kungoja kipindi kiishe ndipo utoe taarifa. Ripoti za madaktari huchelewa. Mwenye wiki 26 aarifu kampuni mapema, ikiwezekana kabla ya wiki ya 13. Ada iendelee kulipwa muda wote huo, maana mkataba ukikatika katikati, dai linakuwa mashakani. Tena malipo hutolewa mwezi ukishapita: ukisubiri wiki 26, pesa ya kwanza itegemee mwezi wa 7 tangu uache kazi.

Sasa fomu, na hapa ndipo madai mazuri yanapoharibika. Panapoulizwa kazi, watu huandika "daktari wa meno" wakasonga mbele. Anayeisoma huenda hajawahi kushika drili. Mwandikie wiki yako kwa saa: 24 za kuziba na kung'oa, 5 za matibabu ya mizizi, 4 za uchunguzi, 2 za makaratasi. Kisha eleza kila kazi inadai nini mwilini: kushikilia kifaa kinachozunguka kwa kasi ndani ya mdomo wa mtu, shingo imeinama, mguu kwenye pedali, dakika 40 mfululizo. Tetemeko linalomwaga chai kidogo kwenye kisahani si kitu kwa mhasibu. Karibu na neva ya jino ni hatari kwa mgonjwa. Hilo liandikwe wazi, halitajisema lenyewe.

Daktari bingwa anayekutibu naye aandike hivyo hivyo. Barua ya "ana tetemeko, anaendelea na dawa" ni nyepesi mno. Itaje vipimo, dawa zilizojaribiwa na dozi zake, jambo gani huwezi na kwa nini, na kama nafuu inatarajiwa. Sheria ya Access to Medical Reports ya 1988 inakupa haki ya kuiona ripoti ya daktari wako kabla haijatumwa. Weka alama kwenye fomu kwamba unataka kuiona, uwasiliane naye ndani ya siku 21. Maoni yake huwezi kumlazimisha ayabadili, lakini tarehe iliyokosewa unaweza kuomba irekebishwe.

Kuhusu pesa, chukua kipato cha paundi 60,000 kwa mwaka kilichokatiwa bima ya asilimia 60: unapata 3,000 kwa mwezi, bila kodi kama ada umelipa mwenyewe. Ukianza kufundisha kwa 30,000, mikataba mingi hupunguza malipo kwa uwiano, yaani takriban 1,500. Lakini kama biashara ilishuka hadi 40,000 mwaka uliotangulia ugonjwa, kampuni inaweza kukokotoa juu ya hiyo, ukaambulia 2,000. Kila mwaka linganisha kiwango cha bima na hesabu zako.

Kampuni itapekua pia faili lako la zamani. Kwa sheria ya 2012 kuhusu taarifa unazotoa ukinunua bima, ukificha jambo kwa makusudi mkataba unafutwa. Ukikosea kwa uzembe, dai huweza kupunguzwa: ulilipa ada ya 45 na ilipaswa kuwa 60, unalipwa robo tatu.

Bima ya kikundi kupitia mwajiri tunaipa alama za wastani. Haikugharimu, ila malipo yake hukatwa kodi, na ukiacha ajira mara nyingi yanakoma.

Na wanaopanga kwenda kujiuguza nyumbani, Tanga au Mombasa, wasome kifungu cha nchi kwanza. Baadhi ya mikataba husitisha malipo baada ya wiki 13 au 26 nje ya nchi zilizoorodheshwa, na ni uchungu kuligundua hilo tiketi imeshakatwa.

Dai likikataliwa, lalamika kwa maandishi. Kampuni ina wiki 8 za kutoa jibu la mwisho. Ukishalipata, una miezi 6 ya kulipeleka shauri Financial Ombudsman Service, chombo huru kinachoamua migogoro ya wateja na kampuni za fedha, bila malipo. Malalamiko yaende na jedwali la saa za wiki yako, na barua mpya ya daktari bingwa inayojibu sababu za kukataliwa, moja baada ya nyingine.