Friza ya Kikorea: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Zamu ya usiku ikiisha saa moja asubuhi, miguu imevimba na tumbo linadai kitu cha moto, mtu haanzi kusonga ugali. Kazi yangu ni kuhudumia wazee hapa Maryland, Marekani, na kwa miaka michache sasa friza yangu imejaa vyakula vya Kikorea. Si kwa sababu ya tamthilia; hizo nilizianza baadaye. Ni kwa sababu duka liko njiani. Kipande cha Barabara ya 40 kinachopita Ellicott City kilipewa jina la Korean Way mwaka 2016, na anayetoka kazini kwa njia hiyo akiwa na njaa hafiki kwake mikono mitupu.

Duka linalojulikana zaidi ni H Mart. Lilianza mwaka 1982 huko Woodside, Queens, New York, na ile H ni ya Han Ah Reum, maana yake mzigo unaojaa mikononi. Jina limesadifu. Unaingia kununua kitunguu, unatoka umekumbatia.

Mpangilio wangu hauangalii kipi kitamu zaidi mkahawani. Bulgogi, ile nyama ya sosi tamu, ya mkahawani inaishinda mandu, vile vifurushi vya unga vyenye nyama au mboga ndani, ya friza mchana na usiku. Nimeangalia kipi kinaivumilia barafu, kikatoka na kuiva upesi bila kupoteza asili yake. Ukitumia kipimo hicho orodha inapinduka kabisa.

Kwanza lebo, maana wengi wetu tunaulizia nguruwe kabla ya bei. Maelezo ya Kiingereza mara nyingi ni kibandiko kidogo nyuma ya pakiti, kwa hiyo yakariri maandishi haya: 돼지고기 ni nguruwe, 소고기 ni ng'ombe, 닭 ni kuku. Kukosekana kwa nguruwe hakukifanyi chakula kuwa halali. Anayetaka uhakika atafute muhuri wa halali, kama ule wa KMF, shirikisho la Waislamu wa Korea. Angalia pia gochujang, ule uji mzito wa pilipili, mchele na soya iliyochachushwa, kwa sababu nyingi hutiwa kileo kidogo ili zisiendelee kuchacha. Mwenye mzio wa ufuta ana nafuu: tangu Januari 2023 sheria ya Marekani inataka ufuta utajwe wazi kwenye lebo, na jiko la Kikorea bila ufuta ni kama pilau bila bizari.

Nafasi ya kwanza: mandu

Huyu ni binamu wa sambusa, na kwa bahati nzuri ganda lake sisi tulishalipa jina: manda. Manda ya mandu ni ya unga wa ngano, laini, na ndani kuna nyama au tofu (jibini la soya) iliyosagwa pamoja na kabichi, vitunguu vya majani na mara nyingi tambi za viazi vitamu. Inaivumilia barafu kwa sababu kila kitu kimekatwa kidogo na kufungiwa ndani. Maji ya mboga yakitoka hayana pa kukimbilia, yanabaki kuwa mchuzi.

Kuna kubwa za kupika kwa mvuke, wang mandu. Kuna ndefu za kukaanga, gun mandu. Na kuna ndogo za kuchemsha au kutia kwenye supu, mul mandu. Ukianza, anza na za kukaanga. Usiziyeyushe, kwa sababu manda italowana, zigandane, na utabaki na kinyunya. Zitoe kwenye friza moja kwa moja hadi kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, ziache zipate rangi chini, mimina maji kama robo kikombe, funika dakika tano au sita, kisha funua maji yakauke mpaka usikie zinachachatika tena. Upande mmoja unakuwa mkavu wa kulia mdomoni, mwingine laini.

Mama mkwe alipotutembelea kutoka Tanga alizitazama sahanini kwa muda. "Mwanangu, sambusa hizi mbona zimelala?"

"Si sambusa, mama. Ni mandu."

"Basi hiyo mandu manda yake haijaiva." Akala sita.

Inayopatikana kila mahali ni Bibigo, chapa ya CJ CheilJedang. Kampuni hiyo ilinunua Schwan's, kampuni ya vyakula vya friza ya Minnesota, mwaka 2019, ndipo mandu zake zikapata njia pana ya kufika hata kwenye friza za maduka yasiyo ya Kikorea. Pulmuone, chapa nyingine ya Kikorea, wana zenye manda nyembamba, nazo nazipenda zaidi kwa mvuke. Ukiona neno kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili) kwenye pakiti ya mandu, soma mara mbili, kwa sababu hizo mara nyingi huwa na nguruwe. Mimi nachukua za mboga na tambi, kisha natengeneza sosi ya soya, siki, na pilipili mbuzi moja iliyokatwa.

Nafasi ya pili: kimbap, kwa sharti moja

Wali umetandazwa juu ya mwani mkavu, ukawekwa mboga katikati, ukaviringishwa na kukatwa vipande. Wanaoiita sushi hawajaionja: wali wa sushi una siki, wa kimbap una mafuta ya ufuta. Kila nikiishika nawakumbuka kina mama wa Zanzibar wanaolima mwani wakauanika na kuuza nje, bila wenyewe kuuweka mezani. Ni aina nyingine ya mwani, najua, lakini wazo halinitoki.

Agosti 2023 Trader Joe's, maduka ya vyakula ya Marekani, walileta kimbap ya friza ya gramu 230, vipande tisa, kwa dola 3.99. Ilikuwa na tofu, karoti, mchicha wa kizungu, figili ya siki na mzizi uitwao ueong. Ilitengenezwa Gumi, Korea Kusini, na iliisha nchi nzima ndani ya wiki chache, baada ya video kusambaa mtandaoni. Watu walidhani tofu ni kwa ajili ya wasiokula nyama. Sababu kubwa zaidi ni kwamba Marekani ina masharti magumu kwa bidhaa za nyama kutoka Korea, kwa hiyo kimbap ya kuagizwa huko mara nyingi haina nyama. Kwetu tunaokagua lebo, hiyo ni neema.

Sharti lenyewe ni hili: usiiyeyushe kwenye jokofu. Mimi niliihamishia huko usiku nikidhani nimefanya la busara. Asubuhi punje zilikuwa ngumu kama mchele uliotiwa maji ya baridi. Wanga wa wali hukakamaa haraka zaidi kwenye ubaridi wa jokofu kuliko kwenye barafu kali ya friza, ndiyo maana wali wa jana haulingani na wa leo. Iweke kwenye maikrowevu ikiwa bado jiwe, dakika mbili hivi, uile papo hapo. Na ikishaharibika kama yangu, usiitupe: chovya kila kipande kwenye yai lililopigwa, kaanga. Wakorea wenyewe hufanya hivyo na kimbap iliyolala, na mimi sasa hufanya makusudi.

Nafasi ya tatu: pajeon

Chapati ya maji yenye vitunguu vya majani mabichi, wakati mwingine na ngisi au kamba. Inatoka kwenye friza ikiwa imeshaiva, kwa hiyo kazi yako ni kuirudishia ukavu. Kikaango, mafuta ya kutosha, moto wa kati. Maikrowevu inaifanya kitambaa.

Baada ya hapo mteremko unaanza

Tteokbokki ni vijiti vya unga wa mchele vinavyonyumbuka mdomoni, ndani ya mchuzi mwekundu wa gochujang. Aliyekulia Pwani hatatishwa na ukali wake. Kitakachomshangaza ni sukari. Friza si rafiki wa vijiti hivi, hupasuka, kwa hiyo viloweke kwenye maji dakika kumi kabla ya kupika. Kama duka lina vile vya jokofu vilivyofungwa bila hewa, chukua hivyo. Mwenye presha aangalie chumvi kabla ya yote: kiwango cha siku kinachoandikwa kwenye lebo za Marekani ni miligramu 2,300 za sodiamu, na pakiti inayoonekana ni ya mtu mmoja mara nyingi imehesabiwa kuwa ya wawili.

Japchae, zile tambi za wanga wa viazi vitamu, zenyewe hupona vizuri. Mboga zake ndizo zinazolegea. Nunua tambi kavu, pika mwenyewe siku ya mapumziko.

Bulgogi ya friza siinunui kabisa. Ni nyama iliyolowekwa kwenye sosi tamu, ikiyeyuka inaachia maji, unajikuta unachemsha badala ya kukaanga. Nenda kwa mchinjaji wa halali, nunua steki, igandishe nusu tu ili ikatike nyembamba, loweka kwenye sosi ya soya, sukari, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta na pea moja iliyokunwa. Hapo unajua umekula nini.

Mwisho kabisa ni soseji za kijitini zilizoviringishwa unga. Zinatakiwa zitoke kwenye mafuta ya moto dakika hiyo hiyo, na soseji yenyewe mara nyingi ni nguruwe. Watoto wakikulilia, tafuta zile za jibini tupu.

Ukishachagua, iminye pakiti kabla ya kuiweka kikapuni. Mandu zinatakiwa zigongane moja moja kama kokoto. Zikiwa bonge moja, ziliyeyuka mahali zikagandishwa tena. Vitu vya friza vichukue mwisho, na beba mfuko wa baridi kama una safari zaidi ya nusu saa.

Hotteok sikuipa nafasi kwa sababu ni kitafunwa cha chai, ila uwe nayo: mkate bapa wa hamira, ndani sukari ya kahawia, mdalasini na karanga. Ipashe kwenye kikaango kikavu, halafu subiri, maana ile sukari inakuwa shira inayochemka. Mama mkwe aliungua ulimi siku ya kwanza. Siku ya pili alizikata mwenyewe nusu nusu, akazipepea na kanga, ndipo akaita watoto.