Muhuri wa jina kwa anayeazimisha vitabu

Huu ni mwaka wa pili natumia muhuri huu, na sijutii. Zamani niliandika jina kwa penseli. Rafiki akakaa na riwaya yangu hadi akaamini ni yake, maana maandishi yalishafutika. Sasa napiga ukurasa wa jina la kitabu, kisha tena ukurasa wa 17, alama yangu ya siri. Herufi zinatoka safi hadi nukta ya mwisho. Kasoro ni wino wake: kwenye karatasi nyembamba unapenya, na ukifunga kitabu mapema wino unajichapa kwenye ukurasa unaotazamana nao. Mimi hutia karatasi chakavu katikati. Mwaka huu nimeazimisha vitabu tisa. Vinane vimerudi, na cha tisa bado kinasomwa.