Uzoefu wangu na GHC: siku hizi mbinu ya deriving naiandika mwenyewe

Nina miaka mitatu nikiandika kwa lugha ya programu ya Haskell hapa Nairobi, kwenye programu ya hesabu za vyama vya akiba, na kompaila yangu, yaani programu inayogeuza msimbo wangu uweze kuendeshwa, ni GHC. Naipenda sana. Lakini mwaka huu ilinichagulia jambo nisilolitaka, na nikapoteza siku mbili nikitafuta kosa mahali ambapo halikuwapo.

Namba ya simu ya mwanachama nilikuwa nimeipa aina yake, newtype (aina mpya inayofunga aina nyingine ndani yake) yenye uga mmoja, ili isichanganywe na namba ya kitambulisho. Kazi ya kuigeuza kuwa JSON, muundo wa maandishi wa kubadilishana data, niliiachia neno `deriving`, linaloiambia kompaila iandike msimbo huo yenyewe. Kwa miezi mingi ilitoka kama maandishi matupu. Kisha nikawasha DeriveAnyClass, kiendelezi cha GHC, kwa ajili ya aina nyingine iliyokuwa kwenye faili hilohilo. Kesho yake usajili ukagoma. Mwenzangu aliyeshughulikia programu ya simu akanipigia: "Mbona siku hizi namba inakuja imefungwa ndani ya kitu kingine?" Kweli, sasa ilitoka kama kitu cha JSON chenye uga ndani yake. Majaribio yetu yote yalipita, kwa sababu kuandika na kusoma vilibadilika pamoja.

Sababu ni hii. Klasi ni kundi la kazi ambazo aina inaweza kupewa, na utekelezaji wake kwa aina fulani ni instansi. Klasi kama Show na Read (za kuonyesha na kusoma thamani), GHC huziundia msimbo wake yenyewe, yaani `stock`, hata kwa newtype. Eq na Ord (za kulinganisha) za newtype huziazima kutoka kwa aina iliyo ndani. Ila klasi isiyo ya kompaila, kama ile ya JSON, ina njia mbili: kuazima ya ndani (`newtype`) au kuacha instansi tupu itegemee kazi chaguo-msingi za klasi (`anyclass`). Viendelezi vya njia zote mbili, GeneralizedNewtypeDeriving na DeriveAnyClass, vikiwa vimewashwa, GHC huchukua `anyclass`, hutoa onyo, na kuendelea. Onyo langu lilizama katikati ya mengine. Nilijaribu hilohilo kwa Num, klasi ya hesabu, kwenye newtype ya Shilingi: ilikompaili, ikatoa maonyo tu, na programu ikaanguka nilipojumlisha mara ya kwanza. Kwa programu ya fedha za watu, hilo linanitia hofu.

Dawa ipo tangu GHC 8.2 ya mwaka 2017: unataja mbinu palepale, `deriving newtype` au `deriving anyclass`, na kompaila haina la kukisia. Nilipoandika `deriving newtype` kwenye ile namba ya simu, usajili ulirudi.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni `via`, inayoazima instansi za aina nyingine unayoitaja, iliyokuja na GHC 8.6 mwaka 2018. Aina yangu ya Mchango inaunganishwa kwa kujumlishwa, nami naandika tu `via (Sum Int)` ili nipate Semigroup na Monoid, klasi za kuunganisha thamani. Kompaila inajua kwamba ndani ya aina zote mbili mna Int ileile, kwa hiyo programu haibebi mzigo wowote wa ziada inapoendeshwa. Zamani nilikuwa naandika instansi hizo kwa mkono, moja moja.

Kwangu GHC inapata nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa sababu ya onyo lile, ambalo lingefaa kuwa kosa linalosimamisha kazi. Kwenye mradi wetu nimeshawasha -Wmissing-deriving-strategies, inayoonya kila mbinu isipotajwa, na onyo hilo nimeligeuza kuwa kosa. Bado nimebakiza faili kumi na moja za kurekebisha.