Fundi fremu aliyenikatia fuvu

Kama una picha unayoipenda, usimwachie fundi fremu mmoja wa hapa Malindi mjini. Mimi nilimwachia nakala ya Mabalozi, ile aliyoichora Hans Holbein mwaka 1533. Mpwa wangu aliniletea kutoka London, kwenye jumba la makumbusho lenye picha yenyewe. Niliporudi kuichukua nikaikuta imepunguzwa kwa chini.

"Mwalimu, palikuwa na doa refu pale miguuni, nimekutolea." Tena kwa kujisifu.

Doa! Lile ni fuvu la mtu. Holbein alilivuta kimshazari makusudi. Ukisimama mbele yake unaona kitu kama kimemwagika sakafuni; ukisogea kulia, ukajibanza ukutani na kutupa jicho kwa upande, linajikusanya lote, taya na matundu ya macho. Wale mabwana wawili, mmoja wa miaka 29 na mwenziwe 25, wamesimama na vitu vyao vya fahari: matufe, vyombo vya kupimia jua, zulia, kinanda cha nyuzi chenye uzi mmoja uliokatika. Toa fuvu, wamebaki vijana wawili wenye mali wanaojionyesha. Picha imekwisha.

Nikamwonyesha kwenye simu. Akasonya. "Basi heri limetoka. Fuvu nyumbani ni nuksi." Na mbele ya wateja wengine akaniuliza kama siku hizi nafanya uganga.

Hapo ndipo aliponichoma. Kijana wa mji huu, anapita kila siku kando ya msikiti wa Juma, ambako makaburi ya nguzo yamesimama pwani tangu zamani, katikati ya watu wanaokwenda sokoni na baharini. Mimi sipiti pale nisikumbuke kwamba nami nitalazwa. Tangu lini kukumbuka kufa kukawa nuksi kwetu?

Haki yake nampa: fremu ni nzuri. Mbao ya mvule, pembe zimeshikana hata wembe haupenyi. Na fuvu dogo lililo kwenye kofia ya yule wa kushoto hakuliona, limesalimika. Kwa picha ya harusi, labda nendeni tu.

La, msiende. Anayekata cha mtu bila kuuliza atakata na chako. Pesa yangu sikuidai, nilitaka kile kipande tu nikigundishe. Akasema kimeshazolewa na taka, akamgeukia mteja mwingine.