Mkeka wa joto wa wati 20 na themostati yake kwa geko chui: uzoefu wangu, Kampala

Nimetumia mkeka huu, sentimita 42 kwa 28, kwa miezi minane, pamoja na themostati (kidhibiti cha joto) iliyouzwa nao. Mkeka ni mzuri. Themostati nayo inafanya kazi, ila namna sensa yake, kile kichwa cha waya kinachopima joto, inavyofungwa ni mbovu, na hapo ndipo mnyama huungulia.

Kuna wanaouliza mkeka wa nini katika mji usio na baridi. Geko chui ni mjusi wa kufugwa, si mjusi kafiri wa ukutani. Ana kope, vidole vyake havinati, na asili yake ni nyika kavu za mawe za Afghanistan, Pakistan, Iran na kaskazini-magharibi mwa India. Ili chakula kisagike tumboni, hulalia kitu chenye moto: nyuzi 31 hadi 33, huku upande wa pili wa tangi ukiwa 22 hadi 25. Hizo 22 hadi 25 sebule ya Kampala inakupa bure. Moto wa tumboni ndio usiopatikana, na akiukosa hutapika nyenje wazima wazima.

Ukubwa huu unafaa tangi la sentimita 90 kwa 45, kwani hufunika chini ya theluthi moja ya sakafu. Bandika upande mmoja, chini ya kioo kwa nje, na pima kabla ya kubandika maana gundi haikubali kubanduliwa mara mbili. Inua tangi kwa vile vimiguu vinne vya mpira. Likikaa bapa juu ya meza, joto hukosa pa kutokea na kioo kinaweza kupasuka. Ndani nimetandika vipande vya vigae vilivyobaki kwa fundi. Mchanga mnene sitaki hata kuuona: huzuia joto, na akiumeza huziba utumbo.

Sasa sensa. Maelekezo yanasema uibandike ndani kwa kile kikombe cha mpira kinachonyonya kioo. Usifanye hivyo. Unyevu hukilegeza, au geko mwenyewe hukisukuma, sensa inaangukia upande wa baridi, na themostati inaendelea kuwasha ikidhani bado hakujapata moto. Kigae kinaweza kupita nyuzi 45. Mimi nimeiweka kati ya mkeka na kioo, nikaikaza kwa tepu ya alumini. Tepu ya kunata isiingie ndani kabisa, huchuna ngozi. Kwa kuwa kioo na kigae hula joto njiani, nimeweka 36 ili juu ya kigae nipate 32. Namba yako itatofautiana, kwa hiyo pima kigae chenyewe. Kile kipimajoto cha paji la uso kilichobaki nyumbani tangu korona hufaa tu kama kina kitufe cha kupima vitu. Kikibaki kwenye hali ya mwili kitakudanganya.

Plagi ilikuja na pini mbili za mviringo. Adapta legelege hupata moto, nikamwambia fundi akate na kufunga plagi ya pini tatu. Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, haiumii: hata mkeka ukiwaka mfululizo usiku na mchana, hauzidi uniti 15 kwa mwezi.

Umeme ukikatika, themostati hukumbuka kiwango ulichoweka, jambo ambalo nyingi za bei rahisi hazifanyi. Saa chache za baridi hazimdhuru, lakini usimlishe mpaka umeme urudi. Ukichelewa, chupa ya lita moja na nusu yenye maji ya moto, iliyofungwa kitambaa, iweke kando ya pango lake.

Walio Kabale, kule milimani, wasitegemee mkeka peke yake. Usiku wa huko hushuka hadi nyuzi 10 hivi, na mkeka hupasha kigae, hewa hauigusi. Ongezeni taa ya joto ya kauri kwa juu, yenye themostati yake ya pekee.