Lightroom Classic: nilivyochuja picha 11,862 hadi ikabaki moja

Kila Desemba sisi wapiga picha watano wa hapa Tanga hukutana, kila mmoja na picha yake moja, iliyosafishwa kwenye karatasi. Moja ya mwaka mzima. Mwaka jana nilikuwa nazo 11,862, nyingi za harusi, na kuchuja kote nilifanyia ndani ya Lightroom Classic, programu ya kompyuta ya Adobe ya kupanga na kuhariri picha. Nazungumzia kuchuja tu. Mambo ya rangi wameshayaeleza wengi.

Mchujo wa kwanza ni wa vidole. Washa Caps Lock, bonyeza P kwa unayoitaka, X kwa unayoikataa, na programu inaruka yenyewe kwenda inayofuata. Ila za X usizifute siku hiyohiyo. Ziache. Mchujo wa pili ni wa nyota, yaani kuipa kila picha nyota moja hadi tano kwa ubora wake, nami naufanya baada ya miezi. Nikichuja harusi huku vigelegele bado vinanilia masikioni, naona uzuri ambao kwenye picha haumo.

Kilichonifanya niipende programu hii ni kitufe cha N. Chagua picha kumi, bonyeza N, zote zinakaa kwenye kioo kimoja. Ukigusa alama ya x pembeni mwa mojawapo, inaondoka, na zilizobaki zinatanuka kujaza nafasi. Kila unayoitoa inakuuma kidogo, lakini zile nyingine unaziona vizuri zaidi. Bonyeza L mara mbili, na pembeni kote kunakuwa kweusi.

Nilitoa, nikatoa, zikabaki mbili. Ya kwanza ni mashua inaingia mwalo wa Deep Sea hapa Tanga alfajiri. Nilikwenda asubuhi tatu mfululizo, nikasimama kwenye maji ya kiuno, kamera nimeinyanyua juu. Ya pili ni shangazi wa bibi harusi kapiga magoti jikoni, anashona pindo la gauni lililochanika muda mfupi kabla ya kutoka. Bibi harusi haonekani uso, ni miguu tu yenye hina, na mwanga unatoka mlango wa uani.

Kitufe cha C kinaziweka mbili ubavu kwa ubavu. Ukikuza moja na ya pili inakuzwa. Hapo mashua ilishinda kwa mbali: kali, safi hadi nyuzi za tanga. Ya shangazi niliipiga kwa ISO 6400, kipimo cha juu cha kunasia mwanga hafifu, basi imejaa chenga.

Nikabonyeza G, zote zikawa ndogo kama stempu, nikamwita mama. Ya mashua aliitazama akasema, "Nzuri." Ya shangazi akainama hadi karibu na kioo. "Hilo gauni limechanikia wapi tena? Jamani, waliwahi?"

Niliipenda ya mashua kwa sababu ya baridi ya yale maji. Mama hakuyaingia.

Kuhusu malipo, maana najua mtauliza: ni ya kulipia kila mwezi au kwa mwaka, na inahitaji kadi ya benki inayokubali malipo ya nje. Kwa mwenye kipato cha msimu kama mimi ni mzigo. Lakini usajili ukiisha, vinavyofungwa ni vyumba vya Develop (cha kuhariri) na Map (cha ramani); Library, chumba cha kupanga na kuchuja, inabaki wazi, na picha zenyewe ziko kwenye diski yako. Yaani nyota, N, C na kutoa nakala vinaendelea. Kwa kuchuja tu, hilo linatosha kabisa, nami ningeinunua hata kama isingekuwa na kingine.

Ya shangazi ndiyo niliyoisafisha na kuipeleka. Nilipoitafuta alama yake kwenye orodha nikakuta tangu Machi ilikuwa na X.